Muulize Fundi wa Magitaa: Swichi Moja ya Ziada Yatosha

SWALI: Shikamoo fundi. Gitaa langu ni la aina ya Stratocaster, lina pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) tatu za koili moja na swichi ya nafasi 5. Napiga rithimu, solo mara mojamoja. Naona wenzangu wanapachika vijiswichi vitatu vinne na kudai wanapata sauti zaidi ya 20. Nami nataka kuongeza, ila sitaki kutoboa gitaa. Nianzie wapi?
– Mpiga Rithimu

JIBU: Marahaba. Sauti hizo zaidi ya 20 zipo, nikizichora kwenye karatasi nakubali. Lakini jukwaani, wimbo ukishachanganya, nani ana nafasi ya kukumbuka kijiswichi kipi kilale na kipi kisimame? Magitaa ya namna hiyo yanafika mezani kwangu na vumbi limejaa kwenye swichi zote isipokuwa moja. Anza na sauti unayoikosa, swichi itafuata.

Kwako wewe, sauti inayokosekana ni pikapu ya shingo na ya daraja (pale nyuzi zinapoishia upande wa mkono unaopiga) zikilia pamoja huku ya kati imenyamaza. Hesabu nafasi zako: daraja, daraja na kati, kati, kati na shingo, shingo. Za pembeni hazikutani hata siku moja. Zikikutana zinatoa sauti pana yenye kung'ara, inayokaa vizuri sana chini ya mwimbaji. Wenye Telecaster, gitaa la pikapu mbili, wanaipata wakiweka swichi yao katikati.

Kazi yenyewe ni ndogo. Tafuta mguu wa swichi kubwa unaopokea waya wa pikapu ya shingo, kisha mguu wa kutolea unaokwenda kwenye volyumu. Unganisha miguu hiyo miwili kupitia swichi ya kuwasha na kuzima. Ukiiwasha, pikapu ya shingo inalia muda wote. Basi nafasi ya daraja inakupa daraja na shingo, na nafasi ya daraja na kati inakupa zote tatu. Nafasi nyingine hazikupi kipya. Sauti 7 badala ya 5, na zote utazitumia.

Kutoboa hakuna haja. Ondoa poti (kirekebishi cha kuzungusha) moja ya toni, weka ile ya kuvuta na kusukuma, ambayo ina swichi tumboni. Chukua ya kilo-omu 250, maana ya 500 kwa kawaida ni ya hambaka (pikapu ya koili mbili) na kwa koili moja inaweza kutoa ukali wa kukera masikio. Lakini kwanza pima kina cha tundu lililo chini ya bamba la mbele ya gitaa, kwa sababu poti hizi ni ndefu, na kuna magitaa zinagota chini kabla bamba halijakaa.

Piga picha nyaya zote kwa simu kabla hujagusa chochote. Funika uso wa gitaa kwa kitambaa kizito. Tone la risasi ya kulehemu likidondokea rangi haliombi radhi. Mahali panapowashinda wengi ni mgongo wa poti, unapolehemu waya wa athi. Bati lile linakunywa moto. Likwangue kwa msasa hadi ling'ae, tumia chuma cha kulehemu chenye ncha pana na joto la kutosha, gusa sekunde chache, risasi itandae yenyewe, toka. Ikibaki imejikunja kama shanga juu ya bati, haijashika hata kama inaonekana imeshika. Na ule waya unaokwenda kwenye springi za daraja usiukate. Ndio unaofanya muungurumo upungue unaposhika nyuzi.

Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi 3. Wapigaji wakawa wanaibana katikati ya nafasi ili pikapu mbili zilie pamoja, na mwaka 1977 ndipo Fender, watengenezaji wake, wakaanza kuiwekea swichi ya nafasi 5. Sikio lilitangulia, kiwanda kikafuata.

SWALI: Fundi, gitaa langu lina hambaka mbili. Nataka nizipasue ziwe na sauti ya koili moja. Nyaya nitazijuaje?
– Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Angalia waya unaotoka kwenye pikapu. Ukiwa mmoja tu ndani ya wavu wa chuma, acha. Kiungo unachokitafuta kimefichwa ndani chini ya utepe, na waya wa koili una unene wa takriban milimita 0.06. Ukikatika, pikapu imekufa mpaka isukwe upya.

Ukikuta nyaya nne za rangi na mmoja mtupu, una bahati. Rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tafuta mchoro wake au tumia mita ya umeme: kila koili itakuonyesha kilo-omu 4 hivi. Nyaya mbili zilizofungwa pamoja na kuachwa ndicho kiungo cha koili mbili. Ukikipeleka athi kupitia swichi, koili moja inazimika.

Lakini ngoja. Seth Lover alipoibuni hambaka pale kiwanda cha magitaa cha Gibson mwaka 1955, shabaha ilikuwa kuua muungurumo: koili mbili zimegeuzwa, na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo muungurumo unajifuta na mlio wa nyuzi unajumlishwa. Ukizima koili moja muungurumo unarudi, na nguvu ya sauti inashuka. Mimi humshauri mtu aziunganishe sambamba (kila koili na njia yake) badala ya mfululizo (moja ikifuata nyingine). Koili mbili za kilo-omu 4 kwa mfululizo ni kilo-omu 8, sauti nene. Kwa sambamba ni 2, sauti nyembamba, safi, na bado kimya. Inataka swichi ya miguu sita, nayo imo kwenye poti ileile ya kuvuta. Ukisisitiza kupasua, weka rezista ya kilo-omu 2 au 3 kati ya kiungo na athi, koili isizimike kabisa.

SWALI: Nimebadilisha pikapu ya shingo. Kila moja ikilia peke yake iko sawa, zikiwa pamoja sauti inakonda, besi yote inapotea. Nimeuziwa mbovu?
– Mwenye Mashaka

JIBU: Si mbovu. Zinapingana: moja inasukuma wakati nyenzake inavuta. Geuza nyaya mbili za pikapu moja, ya moto (inayobeba sauti) iende athi na ya athi iende kwenye moto. Ila kama ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya wa athi, kitenganishe kwanza na ukipe waya wake. La sivyo kifuniko kitakuwa upande wa moto, na ukikigusa gitaa litaunguruma.

Wapo wanaoitaka sauti hiyo kwa makusudi. Gitaa ambalo Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alilitengeneza na baba yake lina swichi ya kugeuza kila pikapu, lakini pikapu zake zimeungwa mfululizo, ndiyo maana zikipingana bado zina nguvu. Kwa sambamba, bila distoshoni, utachoka nayo kabla ya kiitikio cha pili.

SWALI: Nikipunguza volyumu kwenye gitaa sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Dawa?
– S.

JIBU: Kapasita ya mikrofaradi 0.001 na rezista ya kilo-omu 150, ziunge sambamba, kisha ziweke kati ya mguu wa kuingizia na mguu wa kati wa poti ya volyumu. Ikizidi kung'ara, shusha kapasita hadi pikofaradi 680.