Kiongozi "aliruka kutoka kwenye mpini"?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Kambini nilimsikia mgeni akimwambia mwenzake, "The guide flew off the handle at me over a wet tent." Neno moja moja nalijua, ila nikiyaunganisha napata kiongozi aliyeruka kutoka kwenye mpini. Maana yake nini, na mpini umeingiaje hapo?
Mpagazi, Moshi

JIBU: Mgeni alikuwa analalamika kwamba kiongozi alimjia juu kwa sababu ya hema lililolowa.

Mpini huo ni wa shoka, na kinachoruka ni chuma chake. Mtu anapasua kuni, kichwa kinachomoka hewani, na aliye karibu ndiye anayeumia. Msemo ulizaliwa Amerika Kaskazini, kwa watu walioshika shoka kila siku. Thomas Chandler Haliburton, jaji na mwandishi wa Nova Scotia, Kanada, aliutumia mwaka 1844 kumsema mtu anayewaka bila sababu ya maana.

Litazame shoka la aina hiyo. Tundu la chuma ni pana kidogo kwa juu. Mpini huingizwa kwa chini, ncha yake ikiwa imechanwa kwa msumeno, kisha hupigiliwa kabari ili ncha itanuke na kubana. Jua la Januari na Februari likikausha mti, mti unasinyaa na chuma kinabaki vilevile, kabari inalegea. Wengi huloweka shoka kwenye ndoo usiku kucha, na hapo ndipo hatari inapoongezeka: mti ukivimba ndani ya chuma nyuzi zake hupondeka, na ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Ng'oa kabari, pigilia nyingine nene zaidi ya mti mgumu mkavu. Sululu haina shida hii, maana kichwa chake huteremshwa kutoka ncha nyembamba, na kila ukiirusha kinazidi kukaza kwenye unene wa mpini.

Kichwa cha shoka kilicholegea huchomoka ghafla. Kwa hiyo msemo unahusu ghafla hiyo, si ukubwa wa hasira. Aliyeweka kinyongo wiki nzima hasemwi hivyo. Kwa Kiswahili "kukasirika" hakutoshi. "Kupandisha mori" kunakaribia, lakini "kumjia mtu juu" ndiko kunakofaa zaidi, kwa sababu kuna ghafla na kuna anayefokewa.

Ukitaka kuutumia mwenyewe, anayefokewa hutanguliwa na "at", sababu hutanguliwa na "over". Wakati uliopita ni "flew", kamwe si "flied", na "the" haibadilishwi kuwa "his". Ni msemo wa maongezi. Ukiandika ripoti ya safari kwa kampuni, weka "lost his temper".