Ile picha ya pikipiki yenye theluji: majibu yenu haya hapa

Tangu niwatumie picha ya pikipiki iliyofunikwa theluji mpaka kwenye kiti, maswali hayaishi. Mdogo wangu anauliza kama ni raha kuendesha namna ile. Binamu anasema najishaua tu, Ulaya imenipanda kichwani. Mama mkubwa ndiye aliyeuliza la maana: kwa nini sikulala kazini nikaondoka kukikucha? Naanza na lake.

Mama mkubwa, shikamoo. Huku kazini si pa kulala. Zamu ikiisha unatoka, mlango unajifunga nyuma yako na taa za korido zinajizima zenyewe. Basi la mwisho linakuwa limepita kabla sijavua sare. Gari ningelipenda, lakini bima yake na maegesho vingenimaliza, kwa hiyo pikipiki ndiyo miguu yangu. Na ilikuwa Aprili. Miti imeshaanza kutoa majani, watu wameshayaweka makoti kabatini, utabiri wa asubuhi umesema mvua. Ikanyesha kweli mvua, ila kufika usiku joto likaporomoka na mvua ikageuka theluji mimi nikiwa ndani. Baridi ya msimu uliokwisha ikiamua kurudi haipigi hodi.

Sasa raha. Mdogo wangu, raha hakuna. Mkisikia nyuzi 0 mnadhani baridi ndiyo hiyo, basi. Kwenye pikipiki, baridi nyingine unajitengenezea mwenyewe kwa mwendo: hewa ya nyuzi 0 ukiipasua kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaipokea kama nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Ukipunguza mwendo baridi inapungua makali, ila unakaa barabarani muda mrefu zaidi. Hakuna hesabu nzuri hapo. Mwili nao una ubahili wake, damu unairudisha kifuani kulinda moyo, vidole vinaachwa vijitegemee. Vya kushoto vilikufa ganzi mapema, nikawa navuta klachi kwa vidole vyote vinne na bado sina hakika kama nimeishika.

Na kioo cha helmeti! Nje theluji inakiganda, ndani pumzi yako inakitia ukungu. Ukikifunga huoni kitu, ukikifungua chembe zinakuingia machoni kama mchanga. Nilikiacha wazi upana wa kidole, nikawa nafuta kwa ubavu wa glavu ya kushoto, maana mkono wa kulia hautoki kwenye mafuta. Taa ya mbele nayo ilikuwa inazibwa na theluji pole pole, nikadhani betri inakufa.

Lakini theluji angalau unaiona. Cha kuogopa ni barafu nyembamba isiyo na rangi, inayoonekana kama lami iliyolowa tu. Madarajani inaanza mapema kuliko kwingine, kwa sababu upepo baridi unapita juu na chini ya daraja na hakuna ardhi ya kulipasha. Wazee wa barabara za huku walinifundisha kutazama matairi ya gari lililo mbele: barabara ikiwa inang'aa na matairi yanarusha maji, hayo ni maji, ikiendelea kung'aa na matairi yameacha kurusha, hiyo ni barafu. Nilikuwa nyuma ya lori, nimeacha nafasi kubwa, nikaona maji yamekatika ghafla pale daraja linapoanza. Niliachia mafuta kabla sijalifikia, nikapita wima, bila kugusa breki ya mbele, bila kubadili gia, macho kule mwisho. Tairi la nyuma lilicheza kidogo likatulia. Breki za kisasa zisizofunga tairi zinasaidia, nakubali, ila haziwezi kukupa mshiko ambao barabara haina. Na raba ya tairi ikipoa inakuwa ngumu, kwa hiyo hata palipo na lami kavu huna tairi lile ulilolizoea mchana.

Nilisimama sheli. Kuna wanaoshika eksozi kupasha mikono. Msiige, mkono uliokufa ganzi hausikii unapoungua. Mimi niliingia ndani nikitetemeka hovyo. Kutetemeka hakukunitisha, maana ndiyo mwili unapigana. Mtu aogope pale kutetemeka kunapokoma na bado ana baridi, usingizi unamjia na akili inamwambia twende tu. Mhudumu alinitazama, akarudi kwenye simu yake. Nyumbani ningeshapewa pole na watu watano. Huku hawakusemeshi mpaka uombe, na mwanzoni nilidhani ni roho mbaya. Nilipoomba kusimama karibu na kipasha joto alinivutia kiti na kunipa magazeti ya jana niyapange kifuani ndani ya koti. Yanazuia upepo kuliko mnavyofikiri. Nilikaa mpaka gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani likapita, nikalifuata kwa mbali mwendo wa konokono hadi mtaani kwetu.

Binamu, picha niliipiga asubuhi yake, pikipiki imeegeshwa, mimi nimevaa soksi za sufu jozi mbili. Usiku ule hata simu nisingeweza kuishika. Na usichokiona kwenye picha ni ile chumvi, inakula cheni na ringi, kwa hiyo siku ya mapumziko iliishia kwenye ndoo, brashi na mafuta ya cheni.

Mdogo wangu, najua kilicho nyuma ya swali lako. Unataka kuja ufanye kazi ya kupeleka vyakula kwa pikipiki. Kazi yenyewe ipo. Ila oda zinamiminika hasa hali ya hewa inapochafuka, wenye akili zao wanapokataa kutoka nje, na anayetoka ni wewe. Ukiridhika na hilo, nipigie Jumapili tuongee mambo ya leseni. Pesa ya koti la kupendeza iweke kwenye glavu zisizopitisha maji na mishikio yenye joto la umeme. Koti nitakupa langu.