Barua kwa mwanangu: kuhusu ile nyumba ya Mbagala

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama uchukue mkopo wa SACCOS ununue ile nyumba ya vyumba sita Mbagala, maana dalali kakupigia hesabu: chumba 60,000, vyumba sita 360,000 kwa mwezi, kwa mwaka 4,320,000.

Hiyo ni hesabu ya dalali. Yeye akishapata chake anaondoka, wewe unabaki na shimo.

Sikutanii, shimo la choo. Mimi na marehemu baba yako tulinunua hii ya Temeke wakati wa kiangazi. Uwanja umefagiwa, bafu limepakwa chokaa, tukapendezwa. Hatukuuliza gari la kunyonya choo linapita wapi. Masika ya kwanza shimo likafurika. Gari likaja, likaishia barabarani, na mpira wao haukufika kwa sababu jirani alishajenga ukuta kwenye uchochoro. Wapangaji wamesimama milangoni, kanga puani, wananitazama mimi. Ikabidi tuwaite vyura, wale vijana wanaopakua kwa ndoo usiku. Mwezi huo vyumba viwili vilihamwa. Wa chumba cha mbele akakata hela ya vyura kwenye kodi yake bila kuniuliza, nami nikanyamaza. Ningesema nini?

LUKU je, yaani mita ya umeme, ni moja kwa vyumba vyote? Basi jiandae kuwa hakimu kila Jumapili. Mimi nilikuwa na mama mmoja anauza barafu, friji haizimwi, halafu anataka kuchanga sawa na kijana mwenye taa moja na chaja ya simu. Nilipofunga mita ndogo kila chumba ndipo nikalala. Na ile kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa humo humo kwenye LUKU ni yako, si yao. Warudishie. Ni hela ndogo, ila mpangaji huwa anaihesabu.

Sasa hesabu yangu. Piga miezi 10, siyo 12, maana chumba kikihamwa hakijai kesho yake. Hiyo ni 3,600,000. Toa asilimia 10 ya TRA, wale wa mapato, inabaki 3,240,000, yaani 270,000 kwa mwezi, na hapo hujagusa bati, kitasa wala shimo. Marejesho umesema ni 310,000. Hizo 40,000 zitatoka kwenye mshahara wako wa uuguzi kila mwezi, na watoto wanakula. Kwa bei hiyo, mimi nasema hapana. Muuzaji akishusha, au ukiongeza akiba ukapunguza mkopo, tutazungumza.

Usije pia ukajitetea kwamba utapandisha kodi ya vyumba. Yule fundi cherehani wangu analipa chini ya wenzake, lakini ana miaka tisa hapa, halipi kwa kusukumwa, na bomba likipasuka ananipigia kabla sijaletewa bili. Simpandishii ng'o.

Karatasi tutaziangalia pamoja. Muuzaji kama ana mke, naye asaini. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi.

Jumamosi nitakuja twende, na dalali usimwambie. Juzi mvua imenyesha, kwa hiyo nataka nione maji yamesimama wapi, niongee na wapangaji wenyewe. Vaa ndala.

Mama yako