Kitanzi kipi kwenye C? Angalia programu inajua lini kuacha

Wanaoanza lugha ya programu ya C huniuliza sana: kati ya vitanzi vyake vya kurudia kazi, for ina kasi kuliko while? Haina. Andika kazi ileile kwa njia zote mbili na kompaila ya gcc kwa kawaida itakutolea maelekezo yaleyale ya mashine, kwa hiyo hilo liache. Mimi nachagua kitanzi kwa kuangalia programu inajua wakati gani kwamba iache: kabla ya kazi, baada yake, au katikati.

Idadi ukiijua mapema, tumia for, na kaunta itangaze humohumo kwenye mabano. C inaruhusu tangu toleo la 1999. Shida huja ukihesabu kurudi nyuma, tuseme kwenye safu yenye vipengele n:

for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)

Ukiisoma harakaharaka huoni kitu. Lakini size_t, aina ya namba ya kuhesabia ukubwa, haina namba hasi. i ikifika 0 na kupunguzwa 1, kwenye mashine ya biti 64 inaruka hadi 18446744073709551615, na hiyo nayo si ndogo kuliko 0. Sharti haliwezi kukataa kamwe, na programu inaanza kusoma kumbukumbu isiyo yake. Naandika hivi:

for (size_t i = n; i-- > 0; )

Inalinganisha kwanza ndipo inapunguza. Hata n ikiwa 0, haiingii ndani.

Kwenye kusoma faili, while ndiyo yenyewe. Ila naomba tuachane na while (!feof(fp)), maana ndiyo inayofanya mstari wa mwisho uchapwe mara mbili. feof haitabiri chochote. Inakubali kwamba faili limekwisha baada ya jaribio la kusoma kugonga mwamba. Weka usomaji wenyewe kwenye sharti; fgets husoma mstari mmoja na kurudisha NULL ikikosa:

while (fgets(mstari, sizeof mstari, fp) != NULL)

do-while, inayofanya kazi kwanza ndipo ikague sharti, naitumia mara chache, hasa kwenye menyu, kwa kuwa lazima uulize angalau mara moja ndipo ujue kama jibu linafaa. Hapo jihadhari na scanf, fanksheni ya kusoma anachoandika mtu. Mtu akiandika "mbili" badala ya 2, scanf("%d", &chaguo) inashindwa na herufi zinabaki palepale. Mzunguko unaofuata unazikuta tena, na menyu inamwagika kwenye skrini bila kukoma. Soma mstari mzima kwa fgets, kisha upe strtol ikutolee namba.

Kama uamuzi unapatikana katikati ya kazi, for (;;), yaani kitanzi kisicho na sharti, yenye break ya kukitoka inasomeka vizuri kuliko kubuni kigeu cha "endelea" na kukibeba kila mahali. Wengine hupenda while (1). Sawa tu.

Na goto, amri ya kuruka hadi sehemu nyingine ya programu? Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliishambulia mwaka 1968 na wengi wakaishia kuiogopa kama ugonjwa. Lakini break ya C inatoka kwenye kitanzi kimoja tu, na goto ni njia ya moja kwa moja ya kuruka viwili kwa mpigo bila kutoka kwenye fanksheni nzima. Ndani ya kerneli (kiini) ya Linux goto imejaa, hasa ya kwenda mwisho wa fanksheni kusafisha mambo yakiharibika. Iruke mbele, usiirudishe nyuma.

Halafu kompaili kwa -Wall -Wextra, zinazowasha maonyo ya kompaila. Ile for ya kwanza hapo juu, gcc itakuonya yenyewe kwamba sharti lake ni kweli siku zote.