Maswali na majibu: Pedeli ya breki iliyozama mteremko wa Kyela

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Morogoro na nina Toyota Noah ya mwaka 2003, ya viti vinane, yenye giaboksi ya otomatiki, kitufe cha O/D na alama za D, 2 na L. Mwaka jana mimi na mke wangu tulikwenda Kyela kwa wakwe. Tulipokuwa tunateremka kutoka Tukuyu tulisikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedeli ya breki ikawa laini na kuzama karibu na sakafu. Tulisimama nusu saa, ikarudi kama kawaida. Fundi wa huku amebadilisha pedi za mbele na ananishauri nitafute diski kubwa zaidi. Mwezi wa sita tunakwenda tena kwa siku tatu, tukilala Iringa na Mbeya, safari hii pamoja na mama yangu na watoto watatu, wa miaka 6, wa miaka 4 na wa miezi 8. Je, pedi mpya zinatosha, au ninunue hizo diski?

JIBU: Ndugu yangu, umeeleza dalili kwa ukamilifu, na jibu limo humo humo katika maelezo yako. Pedeli ililainika, ikazama, kisha ikarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Pedi zikizidiwa na joto hazifanyi hivyo. Pedeli hubaki ngumu na juu pale pale ilipozoea kuwa, ila gari halikamatiki. Unakanyaga kwa mguu wote na bado linakwenda. Pedeli inayozama kisha ikafufuka inaonyesha kwamba mafuta ya breki yalichemka. Mafuta hayo hayabinyiki, ndiyo maana huweza kufikisha nguvu ya mguu wako hadi magurudumuni, lakini yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubinyika, kwa hiyo nguvu yote uliyotia huishia kubinya mapovu ndani ya mabomba. Yakipoa, mapovu hutoweka, dereva husema gari limepona, na safari huendelea na ugonjwa ule ule. Pedi mpya, basi, zimetibu harufu. Kilichozamisha pedeli bado kimo ndani ya gari.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kama gari limeegeshwa tu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, ila yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi kufikia 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Fungua boneti mchana, ufute kwanza vumbi kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, usome daraja lililoandikwa hapo, kisha ufungue na kuchungulia. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Ukikuta yamekuwa kama chai ya rangi, yamezeeka. Ukikuta kahawa, sitaki hata kukisia yamekaa humo miaka mingapi. Magari mengi yanayoletwa gereji kwangu hapa Uyole yamebadilishiwa pedi mara tatu au nne bila mafuta hayo kumwagwa hata mara moja, kwa sababu kopo likipungua watu huongeza tu juu yake.

Kwa hiyo diski kubwa usinunue. Zitahitaji kalipa zake, yaani vibanio vinavyobana pedi kwenye diski, pengine na rimu zake, na baada ya gharama yote hiyo mafuta ya zamani yatachemka vile vile. Mwombe fundi wako ayatoe yote na kuweka mapya ya DOT 4, ambayo huchanganyika na DOT 3 bila madhara, lakini asiguse DOT 5, kwa kuwa hiyo ni ya silikoni na haipatani na mfumo wako. Anunue chupa iliyofungwa bado. Iliyofunguliwa na kukaa kwenye rafu la gereji imekwisha kunyonya unyevu wake. Aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na katika kila gurudumu aendelee kutoa mpaka rangi ya asali ionekane kwenye mpira wa kutolea. Lita moja kwa kawaida inatosha. Akiwa hapo hapo achomoe pini za kalipa, azisafishe na kuzipaka grisi ya breki, maana pini iliyoganda huiacha pedi ikisugua diski njia nzima, hata tambarare. Ukishalichukua gari, washa injini, kanyaga pedeli kwa nguvu ya wastani na uishikilie kwa dakika nzima. Ikizama polepole chini ya mguu na hakuna mahali panapovuja nje, masta silinda imechoka, na hapo safari isubiri.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe, kwa kuwa hata mafuta mapya yana kikomo. Tukuyu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na Kyela ni kama mita 500. Gari la tani mbili likishuka mita 1,000 linapaswa kuachia nishati ambayo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji baridi, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Inayobaki wewe ndiye unayeamua iende wapi: kwenye injini, ambayo ina rejeta na feni ya kuiondoa, au kwenye diski mbili za chuma zenye ukubwa wa sahani. Ukishuka na D huku mguu umekaa juu ya breki, umechagua diski.

Zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na panapozidi ukali ingiza 2 ukiwa bado mwendo mdogo, kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Injini itapiga kelele, mshale wa mizunguko utapanda hadi 3,000 au 3,500, na mama atakuuliza kama gari linaharibika. Haliharibiki. Kasi ikipanda hata hivyo, kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi mpaka ushuke chini ya 40, kisha uachie kabisa ili diski zipate upepo. Kubonyeza kidogo kidogo kwa kilomita nzima ndiko kunakopika mafuta. Na wale wanaoweka nyutro ili kuokoa petroli hawaokoi kitu, kwa sababu injini kama yako, ukiachia mguu wa mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata petroli yenyewe, ilhali kwenye nyutro inalazimika kuendelea kuunguza ili isizime.

Ukisikia harufu tena, tafuta mahali tambarare uendeshe taratibu bila breki kwa dakika chache kabla ya kusimama, halafu uweke P na jiwe nyuma ya tairi. Usimwagie maji. Nilipokuwa bado ninajifunza kazi niliwahi kumwagia ndoo ya maji diski zilizokuwa zinatoa moshi, nikidhani ninamsaidia mteja. Zilipinda, usukani ukawa unatetemeka kila alipokanyaga breki, na nililipa diski hizo kwa mshahara wa mwezi mzima.

Hujaniuliza kuhusu uzito, lakini ndiko hesabu yote inakoanzia. Japani, gari lilikotengenezwa, uzito halali wa gari la abiria hupigwa kwa kilo 55 kwa kila kiti, hivyo Noah ya viti vinane imekadiriwa kubeba kilo 440, watu na mizigo pamoja. Wewe, mkeo, mama na watoto watatu nakadiria ni kilo 265. Mkiwa na mizigo ya kilo 120 mtakuwa ndani ya kipimo. Nenda na upepo wa tairi unaoonyeshwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi kabla ya kuendesha, na usome tarakimu nne zilizo ubavuni mwa kila tairi: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi zinaweza kuonekana nzuri huku mpira wenyewe umekauka. Vitu vizito vikae sakafuni, vimebanwa na migongo ya viti. Juu ya keria weka nguo na magodoro tu.

Kuhusu watoto, nitasema yanayohusu gari, mengine mama zao wanayajua kuliko mimi. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi, na hakuna bibi wala mama mwenye mikono ya kushika hayo. Wa miezi 8 afungwe kwenye kiti chake kilichoelekezwa nyuma, katika safu ya pili, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa. Kiti kikishafungwa, kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili hakijafungwa. Wa miaka 4 na wa 6 wanahitaji viti vya kuwainua ili mkanda upite begani na chini ya kiuno badala ya shingoni na tumboni, na kama mkanda wa katikati ni wa kiunoni pekee, mtu mzima akae hapo.

Mwezi wa sita mtakuta baridi kali kuanzia Iringa, na Mafinga na Makambako itazidi. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, maana humvika mtoto jaketi nene la manyoya kisha wakamfunga mkanda juu yake. Jaketi hilo hubonyea wakati wa kishindo na mkanda ukabaki umelegea. Mfunge akiwa na sweta nyepesi, halafu mfunike blanketi juu ya mkanda.

Mgawanyo wako wa siku ni mzuri, nami nisingeubadilisha. Simameni kila baada ya saa mbili, kwa sababu mtoto mchanga hapaswi kukaa kwenye kiti kile muda mrefu zaidi ya huo bila kutolewa, na injini iliyokwisha kupanda Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa, nayo inastahili kupumzika. Siku ya tatu ni fupi, kilomita zisizozidi 130 kutoka Mbeya, lakini ondokeni asubuhi baada ya chai. Kati ya Isyonje na Tukuyu ukungu na mvua havina msimu wa kuaminika, na mteremko wa kona ukiushuka usiku huku mtoto anatapika nyuma, huwezi kusikiliza gari.

Lakini mteremko unaonitia wasiwasi zaidi kwa upande wako ni Kitonga, siku ya kurudi. Hakuna mkwe wa Kyela atakayekuacha uondoke mikono mitupu. Piga hesabu pamoja nami: kilo 265 za watu, 120 za mizigo, magunia mawili ya mchele kilo 200, na mikungu mitatu ya ndizi mliyonunua Tukuyu kilo 60. Jumla ni 645, yaani zaidi ya kilo 200 juu ya kipimo, na uzito huo utashuka nao Kitonga siku ya mwisho, wakati dereva amechoka na watoto wanataka nyumbani. Pokea zawadi kwa heshima zote, kisha uyapeleke magunia yote mawili stendi yasafirishwe kwa basi la mizigo hadi Morogoro. Hiyo nauli ni ndogo kuliko bei ya hizo diski ulizoshauriwa.

Na kabla ya kuanza kushuka, simama Ilula. Wakati mama na watoto wananunua nyanya, zunguka gari na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu ya ekseli moja, yaani mawili ya mbele au mawili ya nyuma, yanapaswa kutoa joto linalolingana. Moja likiwa la moto wazi kuliko mwenzake, pengine pini ya kalipa imeganda tena, na fundi atafutwe hapo hapo Ilula. Yakilingana, zima O/D, ingiza 2 kabla ya kona ya kwanza, na ukikuta lori mbele yako linashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kaa nyuma yake kwa nafasi ya kutosha mpaka mfike chini.