Ubongo unaamua kabla yako? Na nusu kaputi je?

SWALI: Dokta shkamoo. Baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, lina ubishi wiki nzima. Mweka hazina wa kikundi chetu kachukua hela za watu kabetia mpira, mkeka ukachanika, sasa tukimbana anasema eti kaona kwenye video sayansi imethibitisha ubongo unaamua kabla mwenyewe hujajua, kwahiyo yeye hana kosa. Ni kweli au anatuzingua?

JIBU: Marahaba. Anawazingua, ila video yenyewe sio uongo mtupu, ndo maana mnakosa la kumjibu.

Kuna bwana mtafiti wa ubongo anaitwa Benjamin Libet, wa San Francisco kule Marekani, mwaka 1983 alitoa matokeo ya jaribio lake. Aliwakalisha watu mbele ya saa yenye kidoa kinachozunguka haraka, raundi moja sekunde 2.56, kichwani wamebandikwa waya za kupima umeme wa ubongo, akawaambia chezesha mkono muda wowote ukijisikia, ila kumbuka kidoa kilikuwa wapi pale ulipotaka. Umeme ulianza kupanda kama milisekunde 550 (sekunde moja ina milisekunde 1000) kabla ya mkono kucheza, wakati watu wenyewe walisema hamu imewajia kama milisekunde 200 kabla. Dunia ikashtuka! Halafu Libet mwenyewe alisema hapo katikati mtu bado ana nafasi ya kughairi, na hilo wenye video huwa wanaliruka.

Mwaka 2012 mtafiti mwingine, Aaron Schurger, na wenzake wakaja na maelezo mengine kuhusu ule umeme. Ubongo hautulii, umeme wake unapanda na kushuka wenyewe muda wote, na kama hakuna sababu ya kucheza mkono sasa hivi au baadae, basi ukipanda mpaka kiwango fulani ndo mkono unacheza. Sasa kaa pale ufukweni Raskazone, kila wimbi likifika kwenye ngazi za kushukia majini urudi kutazama picha za muda mfupi kabla yake, kila picha utaona maji yalianza kupanda kabla, utadhani bahari ilikuwa na mpango na ngazi. Libet alifanya hivohivo, alichukua mara 40 mkono ulipocheza akarudi nyuma akatafuta wastani. Kwahiyo kile kinachoonekana kama uamuzi inawezekana ni mtikisiko tu wa kawaida.

Ila ya kumpelekea jamaa yenu ni hii ya 2019. Uri Maoz na wenzake waliwapa watu kazi mbili: kuchagua ovyo tu, na kuchagua kweli, yaani taasisi ipi ya misaada ipewe dola 1000. Kwenye kuchagua ovyo ule umeme ulionekana, kwenye kuchagua kwa kufikiria haukuonekana kabisa au ulikuwa hafifu mno. Yaani ushahidi anaojitetea nao ni wa kuchezesha mkono bila sababu! Mtu anayepanga mkeka anakaa na simu nusu saa, anatoa timu anaweka timu, anaangalia odsi, anapiga hesabu ya atakachokula, halafu aseme ilikuwa milisekunde 550? Mwambieni arudishe hela. Akisema kubeti kumemshinda kuacha, hilo ni tatizo lingine na lina matibabu, ila bado deni ni deni.

SWALI: Mimi wa Bagamoyo. Nilipasuliwa henia kwa nusu kaputi, nilifumba jicho kufumbua washamaliza, kama muda haukuwepo. Usingizi wa kawaida hauko hivo. Nilikuwa wapi?

JIBU: Habari za roho muulize shehe wako, mimi nakwambia za ubongo. Nusu kaputi sio usingizi, ndo maana aliyelala ukimtikisa anaamka na wewe ulikatwa kisu hukuamka. Ubongo hauzimi wote, kinachokatika zaidi ni mawasiliano, sehemu hii haiongei na ile kama kawaida, na kumbukumbu mpya haziandikwi, kwahiyo ukiamka huna chochote cha kupimia muda uliopita. Inategemea na dawa pia, waliopigwa ketamini, dawa mojawapo ya nusu kaputi, wengine wanaota ndoto kali kwelikweli na kuamka wakipiga kelele, kwahiyo siku nyingine ukiingia theatre mwambie mtu wa usingizi mapema kama ulishawahi kupata hayo.