Vincent Ferrer na Wapoland: anzia Konstanz

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi tasnifu ya Vincent Ferrer na wasomi wa Poland. Usihangaike kutafuta safari yake ya kwenda Kraków, huyu mtawa Mdominiko wa Valencia alihubiri Hispania, Ufaransa, Uswisi na Italia kaskazini mpaka akafia Vannes 1419. Halafu kumbuka enzi hizo Kanisa Katoliki liligawanyika, mapapa wakishindana, na Vincent na Wapoland walikuwa kambi tofauti kabisa, yeye kwa Papa wa Avignon, Poland kwa yule wa Roma, hilo ndo uliweke mbele maana bila hilo hutaelewa kitu. Januari 1416 pale Perpignan akatangaza kuwa ufalme wa Aragon umeachana na Benedikto XIII, yule Papa wa Avignon, mtu aliyemtumikia miaka (hebu fikiria uzito wake!). Sasa nenda Mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa Kanisa wa kumaliza mgawanyiko huo, 1414 hadi 1418. Vincent hakufika ila Wapoland walikuwepo, msomi Paweł Włodkowic wa Chuo cha Kraków anatetea haki za wapagani mbele ya maaskofu, na humohumo yupo mwanateolojia Jean Gerson wa Paris, ambaye 1417 alimwandikia Vincent barua ajitenge na wale wafuasi wanaojichapa mijeledi. Mi ningemfuata Gerson, yeye ndo daraja lako.